Mkate wa Mfukoni

Ijumaa ile dada yangu Colette alifika kwa bibi mapema, mtoto kiunoni na begi begani, akiwa ameshapaka rangi ya mdomo. Sikuwa nimemwona na rangi ya mdomo tangu Tess azaliwe. Jua lilikuwa limetoka, nguo zilikuwa zikikauka kwenye kamba, na harufu ya mkate wa bibi ilikuwa imejaa nyumba nzima mpaka barabarani.

Mengi ya haya aliniambia Colette mwenyewe, tukiwa tunakunja nepi. Ya mwisho niliyaona kwa macho yangu, na laiti nisingeyaona.

Alikuwa anakwenda kupumzika Jumamosi na Jumapili na rafiki zake wawili wa tangu shule, Marina na Shauna. Mjomba wake Marina ana kibanda cha mbao Ghuba ya Tilley, ukingoni kabisa mwa bahari, na beri za bwawani zilikuwa zimeiva. Ni zile za rangi ya chungwa, zinazoota kwenye uwanda wenye majimaji juu ya genge. Watu wa kwetu hawaambiani wanapozichuma, hata ndugu kwa ndugu. Lakini mjomba alikuwa amemwonyesha Marina mahali pake.

Shauna alikuwa mcheshi, anauza kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Marina alikuwa na saluni. Mikono yake ilijulikana pwani yote. Hakuna bibi harusi wa huku ambaye hakupita chini ya mkasi wake. Mkono wa kulia alivaa pete ya jiwe la kijani aliyoachiwa na mama yake, pete kubwa iliyokuwa ikigonga mkasi wakati akikata nywele. Ukiwa umefumba macho ungeusikia mlio wake ukajua uko kwa Marina.

Bibi Philomena alikata vipande vitatu vya mkate, akavifunga kimoja kimoja kwenye kitambaa.

“Kila mmoja na wake,” alisema. “Mfukoni, si kwenye kikapu.”

“Bibi, Shauna amepakia chakula cha kulisha meli.”

“Huu si wa kula. Huu ni kwa ajili ya Wenyewe.”

Sisi hatuwataji kwa jina. Tunasema Wenyewe, wale wadogo wa uwandani. Mwenye mkate mfukoni hawamgusi. Asiye nao humzungusha ukunguni mpaka asijue kwao ni wapi. Na wakikupa chakula chao, usikile hata punje moja, kwa sababu aliyekula chao amekuwa wao. Ndivyo tulivyolelewa. Wengine kati yetu tunacheka, lakini tunacheka tukiwa ndani ya nyumba.

Mfuko wa koti la Colette ulikuwa umetoboka ndani. Bibi hakumruhusu aondoke hivyo. Aliuziba palepale, koti likiwa mwilini, kwa uzi wa buluu wa sufu, akatia mkate ndani na kuugonga kwa kiganja.

“Haya, mwanangu. Nenda ukacheke.”

Colette alimbusu Tess, akafika mlangoni, akarudi, akambusu tena. Mume wake yuko kazini mbali, Alberta, na tangu mtoto azaliwe Colette hakuwa amelala mbali na Tess hata usiku mmoja.

“Noreen, akilia usiku mpe kile kijiko chake cha mbao akiume.”

“Najua, dada. Nina wangu pia. Nenda.”

Jumamosi waliamka vichwa vikiwauma kwa bia za jana. Shauna aliufungua mkate wake, akauchoma juu ya jiko na kuupaka siagi.

“Shauna, huo ni mkate wa bibi,” alisema Colette.

“Si aliniambia nitembee nao? Natembea nao tumboni, hautadondoka.”

Marina alitoka nje na wake, akauvunjavunja na kuwarushia shakwe ili Shauna ampige picha. Ndege walimzunguka mpaka nywele zikasimama.

“Hawa ndio Wenyewe,” alisema Marina. “Watazame wanavyogombana, kama shangazi zangu kwenye mazishi.” Kisha akageuka. “Na wako uko wapi, Mama Tess?”

Wote wawili walikuwa wakimtazama wakicheka. Colette aliona haya.

“Sijui niliuacha wapi,” alisema.

Mkate ulikuwa mfukoni. Alikuwa ameuweka mkono juu yake wakati akisema.

Walipanda uwandani jua likiwa kali. Marina aliliacha koti lake kwenye kiti, akaenda na blauzi nyepesi. Walichuma vizuri, wakiinama, wakisengenya, migongo ikiuma. Beri mbichi ni nyekundu na ngumu kama shanga, nazo hakuna mtu wa kwetu anayezigusa. Zikiiva ndipo zinapolainika na kuwa za chungwa. Kabla ya saa ya chakula ndoo zao zilikuwa zimejaa, na walikuwa wakibishana ni nani atakayepika.

Ukungu ulipanda kutoka baharini bila upepo.

Haukuja kama unavyokuja siku zote, kwa vipande. Ulisimama wima ukingoni mwa genge, halafu ukawa juu yao. Colette aliona viatu vyake. Hakuona kitu kingine.

“Tusimame hapahapa,” alisema Shauna. “Genge liko karibu. Utapita.”

Wakasimama wakigusana mabega, Colette katikati. Wakaweka ndoo chini.

Ndipo waliposikia sauti. Ilikuwa sauti wanayoijua tangu utoto. Beri inaanguka kwenye ndoo tupu.

To.

Ilikuwa mbele yao. Kisha nyuma. Kisha pande zote.

To. To. To.

“Kuna watu wanachuma,” alinong'ona Marina.

“Kwenye ukungu huu?” alisema Shauna.

Hawakusikia hatua wala pumzi, ila beri tu, zikianguka moja moja polepole, na kila zikianguka zilikuwa karibu zaidi. Na ndoo za kwao zilikuwa zimejaa. Beri ikiangukia juu ya beri haitoi mlio.

Shauna alivua koti lake, akaligeuza ndani nje, akalivaa. Hakusema kwa nini. Kila mtoto wa kwetu anajua kwa nini: aliyegeuza nguo, Wenyewe hawamtambui. Colette akageuza la kwake vilevile, na mfuko ukabaki nje unaning'inia ubavuni, mkate ndani yake. Marina alivua blauzi, akaigeuza. Ilikuwa ya kitambaa kisicho na ndani wala nje. Pande zote mbili zilifanana.

“Colette,” alinong'ona. “Ule mkate.”

“Nilikwambia sina.”

“Tafuta vizuri.”

“Sina, Marina.”

Dada yangu si mtu mbaya. Kipande kilikuwa kidogo kama kiganja, na bibi alikuwa amesema kila mmoja na wake. Alimfikiria Tess. Alimwona amelala na kijiko chake, na palepale maziwa yakamjaa kifuani, yakamwagika na kulowesha nguo. Alisimama ukunguni, maziwa yakimtiririka mpaka tumboni, na akajiambia kwamba yeye ni mama. Shauna hana mtoto. Marina hana mtoto.

Ukimya ukaingia. Beri zikaacha kuanguka.

Mkono ukaingia mfukoni mwake.

Uliingia taratibu. Vidole vya baridi. Vilipapasa kitambaa, vikaugusa mkate, vikaanza kuufungua.

Colette aliukamata mdomo wa mfuko kwa mikono yote miwili. Akaukaza, akaubana kwenye nyonga yake kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Vidole vilihangaika ndani. Hakulegeza. Kitu kikalia, kama kijiti kinachovunjika. Kisha vidole havikuwamo tena mfukoni, na upande wake wa kulia ukawa mtupu.

Ukungu ulipoondoka, Marina hakuwapo.

Ndoo yake ilikuwapo palepale alipoiweka. Ilikuwa imejaa mpaka juu. Beri zote zilikuwa nyekundu, mbichi, ngumu, hazina jani hata moja.

Wanaume wa ghuba walitoka na mbwa, polisi wakaja. Walitafuta chini ya genge kwa mashua. Jua lilikuwa linashuka walipompata, nyuma ya kibanda, kwenye jiwe ambalo kila mmoja wao alikuwa amelipita mara nyingi mchana ule. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Alishangaa kuona watu wengi.

“Nimejitenga kidogo tu nikojoe,” alisema. “Mnatafuta nini?”

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi, hauwezi kufunguka. Juu ya vidole kulikuwa na mstari mweusi, kama mtu aliyebanwa na mlango. Pete ilikuwa imezama nyamani.

Hospitalini walisema ameanguka. Ilibidi waikate pete. Uvimbe ulipopasuka, nesi alivuta vitu kwa kibano: majani ya bwawani, mwiba wa samaki, kisha uzi. Uzi wa sufu, wa buluu. Nesi alimuuliza alikuwa amevaa koti gani.

Hakuwa amevaa koti.

Colette alirudi kwa bibi Jumapili. Alimchukua Tess, akamnyonyesha akiwa amesimama, hakuketi. Koti alilitundika kwenye msumari ukumbini, pale mlangoni tunapovulia viatu, na hakulichukua tena. Mimi ndiye niliyeutoa mkate mfukoni. Ulikuwa bado kwenye kitambaa chake. Pembeni uliumwa mara moja, meno madogo, na palipoumwa palikuwa pamelowa. Tundu lilikuwa limerudi, na mshono wa bibi haukuwapo. Haukukatwa. Haukuwapo tu, wala matundu ya sindano hayakuwapo.

Vuli ikapita. Marina alifunga saluni. Kidonda kilikuwa kikifunga, na ukungu ukija kinafunguka. Kila mara kilitoa kitu, jani, unyoya, mwiba. Alikuwa akija kututembelea kwa bibi, tulikokuwa tukishinda sote, mkono umefungwa bandeji, ule mwingine umebeba zawadi ya Tess, soksi, kofia. Colette alikuwa akikumbuka ghafla nguo za kufua.

“Mbona dada yako hanitazami?” aliniuliza siku moja.

“Amechoka. Mtoto halali.”

“Mwambie simlaumu kwa lolote. Ukungu ni ukungu.”

Nilimwambia. Colette aliendelea kukunja nepi. Aliikunja moja, akaifungua, akaikunja tena.

“Niliwaambia watu wote kwamba Wenyewe waliingiza mkono mfukoni mwangu,” alisema. “Hata bibi nilimwambia hivyo.”

“Najua.”

“Mkono ule ulikuwa na pete, Noreen.”

Niliiweka chini nepi niliyokuwa nikikunja.

“Nilijua tangu kidole cha kwanza,” alisema. “Nikabana.”

“Mwambie, dada.”

“Nimwambie nini? Kwamba ulikuwapo? Kwamba tungeugawana? Angekuwa anakata nywele leo.” Akaiweka nepi juu ya nyingine na kuilainisha kwa kiganja. “Anamletea mwanangu soksi. Anazivuta kwa meno kuzitoa kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu hana mkono wa pili. Nami nasema asante.”

Februari, Tess alianza kutembea. Alipenda ukumbini. Alikuwa akisimama chini ya lile koti, akiingiza mkono kwenye mfuko na kuchungulia tundu. Sikupenda. Nilichukua sindano nikaushona mfuko, si tundu tu, bali mdomo wote, ili asiingize mkono. Sikuwa na uzi wa buluu. Nilitumia mwekundu uliobaki kwenye soksi za Krismasi. Hakuna aliyeniona, na sikumwambia mtu, kwa kuwa halikuwa jambo la kusimuliwa.

Mwezi Machi theluji ilikuwa bado imefika madirishani. Siku moja asubuhi ukungu ukalala juu yake, nyeupe juu ya nyeupe. Marina alikuja amekumbatia mkono. Uso wake ulikuwa kama majivu.

“Kidonda kimefunguka tena,” alisema. “Lakini safari hii mkono unabanwa. Wiki zote hizi unabanwa, kama uko ndani ya kitu. Noreen, wewe una vidole vyepesi. Nitazamie.”

Tuliketi jikoni. Bibi alikuwa akikanda unga. Colette alikuwa kwenye beseni la vyombo, ametupa mgongo. Nilifungua bandeji. Kidonda kilikuwa kimefumbuka kama mdomo, na ndani yake kulikuwa na ncha ya kitu. Nikaishika kwa kibano, nikavuta.

Uzi. Mwekundu.

Nilivuta. Ukaendelea kuja. Marina alikuwa ameuma kola ya sweta yake. Uzi ulikuwa umejikunja kwa vipimo vilivyolingana, jinsi sufu inavyojikunja ukifumua mshono. Mwisho wake ukaja na fundo.

Bibi alitufundisha kufunga fundo mara mbili na kulilowesha mate. Watu wengine hawafungi hivyo. Niliitazama kazi yangu mwenyewe ikiwa imelala kwenye sahani, na fundo lilikuwa limelowa.

“Bibi,” nilisema. “Mfuko wa lile koti. Niliushona.”

Colette aligeuka. Alinitazama mimi, akautazama uzi, akautazama ule mkono. Maji ya sabuni yalikuwa yakimdondoka sakafuni.

“Bado umo,” alisema. “Bado nimeubana.”

Marina aliinua uso. “Nini kimo?”

“Mkate nilikuwa nao,” alisema Colette. Alisema polepole, kila neno peke yake. “Mfukoni. Uliponiuliza, nilikuwa nao. Ukaingiza mkono, nikajua ni wewe, nikaubana mpaka nikasikia unavunjika. Nilijua ni wewe, Marina.”

Marina aliuweka mkono wake mezani.

“Mimi nakumbuka kujitenga kukojoa tu,” alisema. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, “Basi nipe sasa.”

Colette alikata mkate wa moto uliokuwa mezani, akamletea. Vidole havikufunguka.

“Si mkononi,” alisema bibi. “Mfukoni. Alikoutafuta.”

Nilikwenda ukumbini na mkasi. Mshono wangu ulikuwa mzima pale mfukoni, mwekundu, haukupungua hata shono moja. Nikaukata wote. Colette akautia mkate ndani, akauachia mdomo wa mfuko, akarudi nyuma mikono imeinuliwa, kama mtu anayeonyesha kwamba hajashika kitu.

Jikoni Marina alitoa sauti ndogo.

Tulimkuta anautazama mkono wake. Vidole vilikuwa vikifunguka, kimoja, kingine, kama vya mtoto mchanga anayelegea usingizini. Alivikunja. Akavinyosha. Akaanza kulia, na Colette akapiga magoti akauweka uso wake kwenye kile kiganja, na wote wawili wakalia pamoja. Bibi naye alijifuta macho kwa kiwiko chenye unga. Mimi nikaweka maji ya chai.

Nilikuwa nimeshamimina vikombe ndipo nilipoona kwamba nyumba imenyamaza.

“Tess yuko wapi?” nilisema.

Alikuwa ukumbini. Ameketi sakafuni chini ya koti, miguu imenyooshwa, amevaa soksi alizoletewa na Marina. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na theluji nyuma yake ilikuwa haijakanyagwa. Mfuko ulikuwa umegeuzwa nje. Mkate haukuwapo.

Kwenye mapaja yake kulikuwa na beri nyekundu. Mbichi, ngumu, zina umande.

Alitutazama, akatabasamu. Alikuwa akitafuna.

Marina ndiye aliyefika kwanza. Alimshika kidevu, akaingiza kidole kinywani mwake, kidole cha ule mkono uliokuwa umefunguka muda mfupi uliopita, akakizungusha huku na huku. Alitoa mbegu moja. Nyingine zote zilikuwa zimeshamezwa.

Koti tulilichoma siku ileile. Marina amefungua tena saluni, na wanasema mkono wake ni mwepesi kuliko zamani. Hulala kwa Colette mara nyingi sasa, na hawasemezani sana. Kila nguo ya Tess ina mkate mfukoni. Jioni Colette huutoa, huutazama, hutia mwingine. Hakuna anayeugusa.

Tess ana afya. Anakula vizuri, anacheka, halii usiku. Ila hajaanza kusema. Mwanangu ni mdogo kwake, naye anasema mama, anasema maziwa. Bibi anasema kuna watoto wanaochelewa.

Lakini siku za ukungu Tess huenda ukumbini, akaketi chini ya ule msumari, uso ameuelekeza mlangoni. Colette humwita kwa jina lake, hageuki. Huugonga ulimi kwenye kaakaa, polepole, mara moja moja.

To.

To.

To.

Halafu hunyamaza na kusikiliza, kama mtu anayesubiri ndoo ijae.